Aliyeagizwa Kusikiliza

Jumanne asubuhi Tausi alitoka wodini kwenda kupasuliwa ili ajifungue, asirudi tena.

Kabla ya kuchomwa sindano ya usingizi, alimwita Namsifu, mwanafunzi wa uuguzi aliyeruhusiwa kutazama tu.

"Mdogo wangu, wewe huna kazi humu. Basi sikiliza mwanangu atakavyolia, uniambie nikiamka. Wa kwanza hakulia kabisa."

"Nitasikiliza, dada. Na akilia kama mbuzi?"

"Niambie hivyo hivyo."

Mtoto alipotolewa, Namsifu alikuwa amekodolea macho kidonda cha Tausi, akishangaa damu inavyokataa kukatika. Pembeni, mkunga alimsugua mtoto mgongoni kwa kanga ya mama yake mpaka akalia. Namsifu hakusikia. Alipogeuka, mtoto alikuwa amekwisha nyamaza. Tausi naye hakuamka.

Nje, mama yake Tausi alimpokea mjukuu, akalia hadi sauti ikamkauka. Kisha akauliza, "Huyu alilia?"

"Alilia, mama," Namsifu akajibu. "Kwa nguvu sana."

Mkunga alimtazama, kisha akarudi ndani.

Sasa mtoto ana siku nne, bado yuko wodini. Kila baada ya saa tatu Namsifu humnywesha maziwa kwa kikombe kidogo, na mtoto akilia, yeye husikiliza kwanza.