Orodha ya Kusomwa Kanisani

Dereva wa zahanati alikuwa ameshika orodha ya chanjo upande mmoja, nami upande wa pili, nilipoona kwamba mwanangu Kathurima hayumo.

Leo ametimiza miezi tisa, umri wa sindano ya surua. Kadi yake inasema alizaliwa 9/4/98, yaani tarehe tisa Aprili. Lakini programu iliyotoa orodha hii, niliyoiandika mimi kwa ujuzi wa masomo ya jioni, ilisoma tarakimu ya kwanza kuwa mwezi. Kwa kompyuta, alizaliwa Septemba, bado ana miezi minne tu.

Na watoto wa wenzangu je?

"Achilia basi, Mama Kathurima," dereva akacheka. "Ama unataka kusoma kanisani wewe?"

"Ngoja kidogo."

"Ati ningoje nini? Surua imeshafika Naro Moru. Mtoto asipotajwa kesho, mamake hatamleta."

Sista msimamizi wa zahanati akatoka ofisini na barua yangu ya kuajiriwa, bado haijatiwa sahihi. "Tarehe ulizihakikisha, mama?"

Ukingo wa karatasi, wenye vile vitundu vya printa, ulikuwa umelowa jasho la kidole changu.

Niliivuta orodha mpaka ikapasuka katikati.