Vishimo vya Meno

Jumamosi Zamda angeshika nafasi ya marehemu baba yake katika bendi, na saksafoni ilihitaji mdomo wa kupulizia. Alijaribu ule mpya wa chuma. Sauti ikang'aa duka zima.

"Chukua huo, dada," alisema fundi Mkude. "Wa mzee umetafunwa kama muwa. Au nikuzibie hivyo vishimo?"

"Usiviguse, kaka."

Akautia ule wa zamani kinywani. Meno yake yakatulia ndani ya vishimo vya baba. Ikatoka sauti ya chini, yenye pumzi nyingi, kama ya mtu anayeamka.

Nje, mama yake aliyekuwa akimsubiri kwenye benchi hakugeuka. Alisogea tu pembeni, kama anayempisha mtu akae.