Nyundo ya Shemeji

Ndani ya ukumbi nyundo zilikuwa zimeanza kutua mezani, moja baada ya moja, na Hilari hakuwa na nyundo.

Alisimama nje, ukutani, akitazama barabarani. Walinzi wa misitu wa Kahama, Urambo na Nzega walikuwa wamekutana Tabora, na tangu asubuhi kilio chao kilikuwa kimoja: miti ya mininga inaibwa, na magogo ya wezi yana mhuri wa serikali. Ndipo Bwana Misitu akaamuru kila mlinzi aweke mezani nyundo yake ya mhuri. Asiye nayo, jela.

Nyundo ya Hilari alikuwa nayo Mabruki, mpasua mbao. Aliiazima kwa siku moja, akaahidi kuirudisha leo alfajiri.

"Unamngoja nani, shemeji?" Alikuwa Raymundi, mlinzi wa Nzega, kaka wa mke wake.

"Mabruki."

"Huyo usimngoje." Raymundi akachomoa nyundo mkobani. "Chukua yangu. Mimi Bwana alinikagua juzi, alipopita Nzega. Leo siulizwi."

Hilari aliigeuza. Nyundo zote za serikali zilikuwa na nyota ya ncha tano usoni. Ukigonga gogo, nyota inabaki. Ya hii, ncha moja ilikuwa imemeguka.

"Jana iligonga jiwe," alisema Raymundi. "Nani atahesabu ncha? Ingia, mwanamume. Ukifungwa wewe, dada yangu atakula majani ya miyombo?"

Hilari akaingia. Akaiweka nyundo mezani.

"Ni yako?" aliuliza Bwana Misitu.

"Yangu, Bwana."

"Hujapata kumwazima mtu?"

"Haijatoka mkononi mwangu. Hata kulala nalala nayo."

"Utaapa?"

Hilari aliapa, kwa jina la Mungu na kwa kaburi la baba yake. Wenzake wote walisikia. Pumzi ikamrudi. Dirishani, Raymundi alimwitikia kwa kichwa, akatabasamu.

Mlango ukafunguliwa. Askari wawili waliingia na machela, wakaitua mbele ya meza, wakaifunua shuka.

Alikuwa Mabruki, amekufa. Katikati ya paji la uso wake, wazi kama kwenye gogo, kulikuwa na nyota ya ncha nne.