Pua ya Mpishi Kasian

Mpishi Kasian alikataa katakata kuchokonolewa pua mbele ya Nesi Apolonia.

"Huyo akae nje," alisema. "Nikipiga chafya atasema nimemtukana."

"Hata nikikaa Mbeya," nesi akajibu, "harufu ya uji wako ulioungua itanifuata."

Lutengano, fundi wa maabara, alishusha pumzi. Mwaka wa pili huu alikuwa akiwasuluhisha. Apolonia alisimamia wodi ya wanaume, na Kasian alipigwa marufuku kuikanyaga. Naye Apolonia jikoni hakutia mguu. Hata salamu ya "kamwene" hawakupeana. Watu walisema ukali ule ni wa upweke: nesi alikwisha kukataa wachumba watano, kwa kuwa kanuni ya siku zile ilisema nesi akiolewa anaacha kazi.

Lakini mwaka ule wa 1957 pale hospitali ya Iringa hapakuwa na nafasi ya kuchagua pua. Vidonda vya wagonjwa watatu waliopasuliwa vilitunga usaha, na penisilini haikufua dafu. Saulo, dereva wa lori kutoka Ipogolo, alikuwa karibu kukatwa mguu. Daktari aliamini kwamba mfanyakazi mmoja amebeba kijidudu hicho puani bila mwenyewe kuumwa.

Lutengano aliotesha usaha wa Saulo na makamasi ya kila mtu kwenye visahani vyenye damu ya kondoo, akapanga juu yake vikaratasi vilivyoloweshwa dawa. Palipobaki duara safi, dawa imeua.

Kijidudu cha Saulo kilidharau penisilini. Kikadharau streptomaisini. Tetrasaiklini ndiyo kabisa, kiliota hadi ukingoni mwa karatasi. Kilikufa mbele ya dawa moja tu, eritromaisini, iliyokuwa imebaki chupa moja kabatini. Saulo akaanza kuimeza siku ile ile, na siku ya nne usaha ukakata.

Zikabaki pua. Kati ya ishirini na sita, mbili zilikuwa na kijidudu kile kile, chenye kiburi kile kile. Lutengano alipoona majina, alidhani amekosea. Alipima tena. Akapima mara ya tatu.

Ofisini kwa Daktari, Kasian alikaa pembe hii, Apolonia pembe ile.

"Kimetoka kwa mmoja kikamwingia mwenzake," alisema Daktari. "Na si kwa kupishana njiani. Hiki kinataka watu wakaribiane hasa."

"Basi nimekosea mimi, Daktari," Lutengano alisema kwa aibu. "Hawa hata kusalimiana hawasalimiani. Nipe siku mbili, nipime upya."

Kasian alikazia macho dari. Nesi Apolonia alivumilia, alivumilia, mwisho uvumilivu ukamshinda, akamgeukia.

"Si nilikwambia, mume wangu, ukiwa na mafua tulale mzungu wa nne?"