Kidonda Kwenye Kioo

Nilianza kugundua kwamba kidonda cha kidole gumba cha Mama hakiponi. Wanaofanya kazi ng'ambo kama yeye hawaruhusiwi kupiga simu. Hulaza kiganja kwenye kioo chao, nasi tukipitisha vidole kwenye chetu, umeme mdogo hutufanya tuihisi ngozi yao.

Kidonda tulikihisi mara ya kwanza wakati wa kupanda mahindi. Sasa tunavuna, na bado ni kibichi. Bibi hukipaka kioo mafuta ya karafuu.

"Mama yako mkaidi, Siwema. Hata dawa haimshiki!"

Jana alisema hivyo tena, akicheka. Mimi nikaogopa, nikautoa mkono wangu kwenye kioo.

"Bibi, kidonda cha mtu aliye hai hupona au huoza. Hiki hakibadiliki. Waajiri wake wanaturudishia mkono wake wa zamani, waliourekodi. Nadhani Mama amekufa."