Marufuku ya Kona

Zama zile anga ilipokuwa na mwenyewe, Mwewe alipiga marufuku kona. Kila mwenye mbawa aruke moja kwa moja. Ndege wakatii, naye akawa anawadaka kama anayechuma mapera. Kipepeo tu ndiye aliyeendelea kuyumba.

“Nyooka, mlevi wee!” Mwewe akafoka.

“Sinyooki, mzee! Nikinyooka, utanisubiri mbele na mdomo wazi.”

Mwewe akapandwa na hasira, akamshukia kama jiwe. Kipepeo akakata kona. Mwewe, ambaye alikuwa ameshasahau kona zinakatwaje, akapitiliza hadi kwenye miiba ya mgunga, akanasa mbawa zote mbili.

Kipepeo akampitia puani, akiyumba vilevile. “Pole, mzee. Leo umenyooka kuliko sote.”

Ndege waliokuwa wakichungulia matawini wakaruka, kila mmoja na kona zake.