Kasi ya Ruashi

Ujumbe wa Symphorien ulikuwa umekwama tangu alfajiri. Kando yake palikuwa na tiki moja ya kijivu, maana yake umetoka mkononi mwake na haujafika popote. Alikuwa amemwandikia dada yake Perpétue, aliyejificha na watoto wake ndani ya kanisa huko Ruashi pamoja na nusu ya mtaa: "Musibakie mu kanisa. Njia ya mtaa wa Hewa Bora iko ouverte bado, haiyafungwa. Tokeni sasa."

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa mhandisi wa kampuni moja ya simu mjini Lubumbashi, mtu wa kutabiri kwa hesabu jinsi mtandao utakavyobeba watu. Mnara ni sufuria ya bukari, yaani ugali: walaji wakizidi, kila mmoja anakata tonge dogo. Ruashi walikuwa wengi mno, kila mtu akitafuta ndugu zake kwa wakati mmoja, na tonge lilikuwa limebaki la kulamba kidole.

Tangu watu wenye silaha waingie kutoka upande wa mgodi, umeme ulikatika na minara iliishi kwa mazout, mafuta ya dizeli. Mnara wa Ruashi ulikuwa na mitambo miwili ya kurushia mawimbi. Mmoja ulizimwa ili kubana mafuta. Asubuhi Symphorien aliingiza kwenye kompyuta idadi ya simu zilizokuwa Ruashi, akaiambia ihesabu kana kwamba mitambo yote miwili inafanya kazi. Kasi ingepanda karibu maradufu. Si haba. Maneno machache yangepita.

Mkuu wao, Mama Clotilde, alikuwa na mapipa ya mafuta ya kutosha mnara mmoja tu, na alitaka kuyapeleka kwenye ule wa Hewa Bora.

"Hewa Bora njo kuko bantu ya mingi," alisema. "Na kule Ruashi, mazout inaweza kuangukia mu mikono ya bale."

"Mama, ba Hewa Bora beko mu manyumba yabo. Ba Ruashi beko nangoja tu muntu abaambie pa kupita."

"Uko nasema ile juu ya dada yako."

"Ni juu yake," alisema Symphorien. Hakuona sababu ya kudanganya.

Clotilde alimtazama, akavuta pumzi, akatoa ruhusa mapipa yaende Ruashi. Paluku, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa akiwauzia mafuta, ndiye pekee aliyekubali kuyapeleka kwa lori lake. Aliwaomba wamkumbuke kwenye sala, akaondoka.

Ikabaki kazi ya kungoja, na hakuna kazi mbaya kuliko hiyo. Ofisini iliwashwa kompyuta moja, na humo ukurasa mmoja tu: kasi inayoipata kila simu, mnara kwa mnara. Wakubwa wa Kinshasa hawakutaka kingine. Walipiga kila mara kuuliza kasi, naye Numbi, fundi wa zamu, aliwasomea kwa sauti ya mtu anayesoma tanzia.

Kishindo kikatetemesha vioo. Vishindo vya namna hiyo vilikuwa vingi upande wa Ruashi tangu jana, kwa hiyo hakuna aliyeinua kichwa. Numbi alipangusa vumbi mezani kwa kiwiko, akaendelea kutazama mistari yake.

"Ingénieur," alisema baadaye kidogo. "Ruashi iko napanda."

Symphorien akasogeza kiti. Kweli, mstari ulikuwa ukipanda. Ulipita pale ambapo mtambo mmoja ungeweza kuufikisha. Ukafika kwenye kikomo alichokuwa amekichora asubuhi kwa rangi nyekundu, kile cha mitambo miwili, nao haukusimama hapo.

"Calcul yako, ile hesabu ya asubuhi, ilikuwa bahili, patron," Numbi akamtania. "Ona namna inapita."

Symphorien hakuwa akimsikia. Kwenye simu yake, kando ya ujumbe, tiki ya pili ilikuwa imetokea. Umefika. Aliibana simu kifuani akalia mbele ya wote bila kujificha, na Mama Clotilde, ambaye hata mkono wa salamu huutoa kwa shida, akamshika bega.

"Paluku njo muntu," alisema. "Akirudia tutamuchinjia mbuzi."

Kinshasa walipopiga, Numbi aliwasomea kasi ya Ruashi mara mbili, kwa raha zake. Wakatoa hongera. Wakasema kasi kama ile haijapata kuonekana Ruashi hata wakati wa amani.

Kisha ikalia simu ya Clotilde. Alikuwa Paluku. Clotilde akaweka sauti ya juu ili wote wamshukuru.

"Mama, munisamehe," alisema Paluku. "Nilitaka kubaita tangu mbele, lakini ba soldats balikuwa balinikamata téléphone. Balikatala gari isipite. Niko hapa ku barrière, pa kutokea Hewa Bora. Siyafika Ruashi. Mapipa yote iko mu gari."

Symphorien alinyoosha mkono, akafunga ukurasa wa kasi na kufungua ule wa idadi ya simu, ambao hakuna aliyeugusa tangu asubuhi.

Ruashi: simu moja. Mlaji mmoja kwenye sufuria nzima.

"Balitoka," Clotilde alisema haraka, karibu kwa ukali. "Bote balitoka. Njia iko moja tu, lazima bapite hapo penye uko. Paluku, unaona bantu ba Ruashi? Beko nafika?"

Sauti ya Paluku ilisogea mbali na simu, kama mtu anayegeuka kutazama barabara.

"Hapa? Hapana, Mama. Tangu asubuhi njia iko mutupu. Hakuna hata mutoto mwenye amepita."